Mtu Aliyezoea Kupishwa

Kwa wiki tatu nzima Upepo alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haichagui. Aliikasirikia taa. Alimkasirikia askari wa trafiki, mkuu wa magari pale hospitalini, na fundi wa vigae aliyelazwa wodini na vyuma kwenye goti. Zaidi ya wote alimkasirikia mkewe, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwepo, na macho yake yalikuwa mazima.

Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini hata karani wa mishahara alikuwa akilisahau. Watu wote walimwita Upepo. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwaka wake wa kumi na tisa huo, na tuseme ukweli, hakuwa dereva wa kubahatisha. Alijua shimo lipi limezibwa kwa kokoto na lipi limezibwa kwa ahadi. Alijua kumpitisha mjamzito juu ya tuta bila chupa ya dripu kutikisika. Muuguzi aliyezoea kukaa nyuma na wagonjwa alisema kwamba madereva wengine wakiendesha yeye hushika kila kinachoshikika, lakini Upepo akiendesha anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Upepo alizisikia sifa hizo, akazipokea, akaongezea na zake.

Kupita taa nyekundu ilikuwa sehemu ya kazi, na alikuwa na namna yake ya kuipita. King'ora kinalia, anapunguza mwendo mpaka gia ya pili, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, halafu anamtafuta yule mmoja ambaye hajasikia. Akimpata anamkazia macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake, na madereva wapya aliwafundisha hivyo hivyo: usihangaike na gari, mwangalie mwenye gari usoni, ukishamkamata macho, huyo amesimama, wewe pita. Na kweli walikuwa wanasimama. Malori ya mchanga yalisimama, mabasi yalisimama, wakubwa wenye haraka zao na vioo vyeusi walisimama. Sasa chukua mtu, mpishe hivyo mara saba kwa siku, miaka kumi na tisa, halafu uniambie kichwa hakitamvimba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali. Hakuwa kazini. Alikuwa kwenye gari lake mwenyewe, kigari kidogo cha bluu chenye mlango mmoja wa rangi nyingine, akimpeleka mkewe kwa mteja. Mke huyo, Mama Pacha, ni fundi cherehani wa mapazia, na siku hiyo alikuwa amepakata mapazia ya sebule nzima, yamekunjwa yakapigwa pasi, hataki hata yaguse sakafu ya gari. Alikuwa akieleza jinsi mteja alivyobadilisha mawazo mara tatu kuhusu pindo. Upepo alikuwa akiitikia mmh, mmh, kama waume wanavyoitikia.

Wakafika kwenye mataa ya njia panda karibu na soko. Taa ilikuwa nyekundu. Upepo aliiona. Akapunguza mwendo mpaka gia ya pili, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mbele yake, kwenye mistari ya kuvukia, mtu mmoja alikuwa anashuka kwenye ukingo wa barabara na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na mwiko, nyundo ya mpira, na pima maji iliyochomoza. Upepo akamkazia macho. Akaona amemkamata. Kwa hesabu zake yule mtu alikuwa ameshasimama, basi akakanyaga mafuta.

"Baba Pacha, unakwenda wapi?" mkewe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maana hata yeye hakuwa amepata muda wa kuogopa.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Ndoo ndiyo iliyopiga kelele. Yule mtu alikaa chini barabarani akiushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, na goti lilikuwa limeangalia kusikotakiwa. Upepo alishuka, na hapo ndipo ajabu ya watu wa kazi hii inapoonekana: alimhudumia vizuri. Alimlaza, akaufunga mguu kwa ubao aliouokota na kipande cha pazia la mteja, akamfanya aendelee kuzungumza. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyelipasua lile pazia.

Gari la wagonjwa likaja na king'ora chake, likipita taa ile ile nyekundu, kila mtu akilipisha. Dereva mwenzake akashuka, akamwona Upepo amepiga magoti kando ya majeruhi.

"Afadhali umewahi wewe," akasema. "Aliyemgonga amekimbia?"

"Hajakimbia," Upepo akasema.

Trafiki aliyefika alikuwa anafahamiana naye. Upepo alipomwona akashusha pumzi, akamvuta pembeni.

"Afande, wewe unanijua."

"Nakujua sana, kaka."

"Mama yako alipozidiwa na pumu, nani alimbeba?"

"Ulimbeba wewe. Tena ulipita hapa hapa, na mimi nilikuwa katikati ya barabara nakusimamishia magari."

"Basi."

"Basi nini, kaka? Siku ile ulikuwa na mama yangu. Leo una mapazia." Trafiki akafungua kitabu chake. "Ungepita taa tu, ningekuandikia faini ukaenda zako. Lakini umevunja mtu. Hii ni ya mahakamani. Naomba leseni."

Upepo aliitoa leseni akaikabidhi bila kumtazama. Alikuwa amefura. Kichwani alikuwa akipanga orodha ya watu wote aliowahi kuwawahisha hospitalini kwa kupita taa nyekundu, na haikumwingia akilini kwamba mji mzima unamdai yeye badala ya yeye kuudai. Jioni ile hakula. Alizunguka sebuleni akisema miaka kumi na tisa, miaka kumi na tisa, mpaka Mama Pacha akaenda kukaa na cherehani yake chumba cha pili.

Jumatatu mkuu wa magari alimwita ofisini. Mkuu huyu si mtu mbaya, ila ana tabia ya kunong'ona hata mlango ukiwa umefungwa.

"Nisikilize kwa makini," akanong'ona. "Kuna njia mbili. Ukisema hukuiona taa na hukumwona mtu, hiyo inaitwa kutokuwa makini. Watakufungia leseni miezi sita. Utakaa stoo ya matairi, miezi itakwisha, utarudi kwenye usukani. Lakini ikionekana uliona ukapita makusudi, hiyo ni kuendesha kwa hatari. Miaka mitatu. Na kanuni yetu unaijua: dereva akikosa leseni zaidi ya mwaka, hana kazi hapa."

"Ilikuwa njano," Upepo akasema.

"Nini ilikuwa njano?"

"Taa. Ilikuwa njano, inaelekea nyekundu."

Mkuu akasogeza kiti karibu. "Mkeo naye atasema njano?"

Hapo ndipo vita vya nyumbani vilipoanza. Jioni Upepo alimkuta Mama Pacha anashona, akavuta kiti, akaanza kwa upole ambao ungemtia shaka hata mtu asiyemjua.

"Mama Pacha, ile taa ilikuwa njano."

Mkewe hakuinua kichwa. "Ilikuwa nyekundu."

"Wewe ulikuwa unaangalia mapazia."

"Baba Pacha, mimi nimekula kwa rangi miaka ishirini. Mteja akiniletea njano nikamshonea nyekundu, ananitupia usoni. Usiniambie mimi habari ya rangi."

"Sikuombi mengi. Neno moja tu."

"Na si taa peke yake." Sasa aliisimamisha cherehani. "Ulimwangalia yule mtu. Nilikuona shingo inageuka. Ulimwangalia, halafu ukaongeza mwendo."

"Nilimwangalia ili asimame."

"Kwa nini asimame? Taa ilikuwa ya kwake."

Upepo akainuka kitini. Na mwanamume akikosa jibu mbele ya mkewe, wengi wanajua kinachofuata: alipandisha sauti. Alimwambia kwamba hana shukrani, kwamba nyumba hii imejengwa kwa usukani, kwamba pacha wamesoma mpaka wakaolewa kwa usukani, kwamba mke wa kweli humfichia mumewe. Mama Pacha alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Nisipoulizwa sitasema," akamwambia. "Nikiulizwa nitasema nilichoona. Sasa nipishe, nina pindo la mita kumi hapa."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Ndani ya vyumba viwili, watu wazima wawili walianza kuambiana mambo kupitia ukutani, kama wapangaji waliogombana. "Mtu akitaka chai, iko kwenye chupa." "Kuna mtu ameacha taa ya bafuni inawaka." Ingekuwa kichekesho kama isingekuwa chungu. Upepo alikuwa analala ameupa ukuta uso, akiwa macho, meno yameumana, akiwaza jinsi ya kumsahihisha kila mtu.

Kazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Walimweka stoo ya matairi kweli, kibanda cha bati nyuma ya wodi ya mifupa, na kila king'ora kilipolia alisikia gari lake likitoka na mtu mwingine. Alisikia gia zikisagwa. Alisikia breki zikishikwa mapema mno kwenye kona ya lango. "Mtaua mtu nyie," alisema peke yake kati ya matairi, na mara akakumbuka nani kalazwa upande wa pili wa ukuta, akatupa kitambaa cha grisi chini.

Siku moja alikwenda hadi mlango wa wodi. Usimsifu, hakwenda kuomba radhi; alikwenda kuona kama yule mtu anazidisha. Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Nitatembea?" fundi wa vigae aliuliza.

"Utatembea."

"Lakini daktari, kazi yangu mimi ni ya kupiga magoti. Asubuhi mpaka jioni niko chini, napanga kigae kimoja kimoja. Hili goti litapigika?"

"Hilo siwezi kukuahidi," daktari akasema. " Kwa kweli, tafuta kazi nyingine."

"Kazi gani? Sakafu hazipangwi kwa kusimama."

Upepo aliondoka mlangoni akiwaka. Kazi gani hiyo, alijiuliza akishuka ngazi, kazi ya kutambaa kama mtoto mchanga? Kwa nini asiwe mpaka rangi, mpaka rangi husimama? Kwa nini avuke wakati gari linakuja, hata kama taa ni yake? Kila swali lilikuwa la kipumbavu kuliko lililotangulia, naye alilijua hilo, na kulijua kulimpandisha hasira zaidi. Alifika stoo akalipiga teke tairi la lori, akaumia kidole, akachechemea siku mbili. Hakuna aliyemwuliza ana nini.

Ikafika siku ya mahakama. Chumba kilikuwa kidogo, benchi nne, feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mkuu wa magari alikaa benchi ya mbele. Mama Pacha alikaa ya nyuma kabisa, amevaa vizuri, mikono juu ya mkoba wake. Habari ya njano ilikuwa imeshazikwa. Mkuu alikuwa amemwambia Upepo kwamba akisema hakuona kitu, mkewe hata hataitwa. Na Upepo alikuwa amekubali, huku akimkasirikia mkewe kwa sababu hakuwa tena na haja naye.

"Unakubali kwamba ulipita taa ikiwa nyekundu ukamjeruhi mtu," hakimu alisema. "Kilichobaki ni namna ulivyopita. Uliiona taa?"

"Sikuiona, Mheshimiwa. Jua lilinipiga machoni."

"Na mtu huyu, ulimwona?"

"Sikumwona."

Yakamtoka laini, kama mtu aliyeyakariri, na kweli alikuwa ameyakariri. Hakimu akaandika. Halafu akaitwa fundi wa vigae.

Upepo alikuwa amejiandaa kwa ajili yake. Kwa wiki tatu alikuwa akitengeneza majibu: akinitukana nitasema hivi, akilia nitasema vile, akiniita muuaji nitamuuliza ni wangapi yeye ameokoa. Fundi alikuja kwa magongo mawili, shati limepigwa pasi, akaegemea kizimba, akamwamkia hakimu, akamwamkia na Upepo.

"Mheshimiwa," akasema, "taa yangu ilikuwa imewaka, nikashuka. Niliona gari linapunguza mwendo, nikajua linasimama. Uso wa dereva sikuuona, jua lilikuwa linawaka kwenye kioo. Basi nadhani na yeye lilimpiga hivyo hivyo. Mimi sina kinyongo naye. Wauguzi wameniambia huyu bwana amebeba wagonjwa miaka kumi na tisa. Na pale chini alinifunga mguu mwenyewe, akanituliza. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwona binadamu halafu akamgonga. Hakuniona. Angeniona angesimama. Mimi nimeshamsamehe, naomba na mahakama imwangalie, arudi kazini mapema. Watu wanamhitaji."

Mkuu wa magari aligeuka akamtupia Upepo jicho la furaha. Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Mahakama imeyazingatia maneno ya majeruhi," akaanza, na kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Hasira aliyoipata Upepo pale hakuwahi kuipata maishani. Alitamani atukanwe. Matusi angeyajibu. Lakini huyu mtu alikuwa amesimama kwa magongo anamsifia mwanamume mwingine kabisa, dereva fulani mpole aliyepigwa na jua, na huyo dereva ndiye aliyekuwa anasamehewa, huyo ndiye aliyekuwa anarudishiwa kazi. Yeye Upepo, aliyeiona taa, aliyemwona mtu na ndoo yake mpaka pima maji iliyochomoza, alikuwa amekaa pembeni hakuna anayemjua. Ila mmoja, benchi ya nyuma. Na huyo hakuwa ameulizwa.

"Nilimwona," akasema.

Kalamu ikasimama. "Unasemaje?"

"Nilimwona, Mheshimiwa. Jua halikuwa upande wangu, lilikuwa nyuma yangu. Taa niliiona ni nyekundu, na yeye nikamwona. Nilimkazia macho, halafu nikapita."

Mkuu wa magari akajifunika uso kwa mkono.

"Ulijua taa ni ya kwake?" hakimu akauliza.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulidhani atasimama?"

Upepo alitafuta jibu lenye heshima kidogo, hakulipata. "Kwa sababu huwa wanasimama," akasema. "Wote huwa wanasimama."

Hakimu akaikata mistari aliyokuwa ameshaandika, polepole, mmoja baada ya mwingine, akaanza upya. Leseni kufungiwa miaka mitatu. Faini. Habari ya fidia ya fundi itasikilizwa siku nyingine. Aliyasoma yote bila kupandisha wala kushusha sauti, na Upepo aliyapokea amesimama. Miaka mitatu maana yake hana kazi, na hilo kila aliyekuwemo mle alilielewa.

Kwenye baraza, Mama Pacha alikuwa anamngoja. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alimwambia neno ana kwa ana. "Umeumia," akasema, "lakini umesema." Upepo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mwepesi kwa namna ya ajabu, mtu aliyefukuzwa kazi asiyejua afanye nini na mikono yake. Hata alidhani, Mungu amsamehe, kwamba yamekwisha. Kwamba mtu akishasema ukweli mbele ya watu, kuna mahali panafunguka, anapita.

Wakasikia magongo yakigonga sakafuni nyuma yao. Fundi wa vigae alikuwa anakuja, polepole kwa sababu sakafu ya baraza ilikuwa telezi, na Upepo aligeuka kabisa akamsubiri. Akanyoosha mkono.

Fundi hakuuangalia ule mkono. Uso ule wa upole wa mle ndani haukuwepo tena.

"Uliniona," akasema.

"Nilikuona, kaka."

"Na ndoo yangu uliiona."

"Niliiona."

"Ukajua mimi ni mtu."

"Nilijua," Upepo akasema.

"Kule wodini nilikuwa nalala usingizi," fundi akasema. "Goti linauma, kazi imekwenda, lakini nalala, kwa sababu najua ni bahati mbaya. Sasa nitalalaje?" Akalikaza gongo kwapani ili mkono mmoja uwe huru, na Upepo akadhani atapigwa, na angekubali. Lakini yule mtu aliukinga tu mkono wake mbele yake, kiganja juu, kama anayedai kitu chake.

"Ule msamaha niliokupa mle ndani," akasema, "nirudishie."